Kukua Kikazi katika Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamlenga kijana aliyeajiriwa, anayejitolea au anayetafuta nafasi katika shirika lisilo la kiserikali Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Kwa hiyo msomaji wa Unguja na Pemba atafaidika na majibu yanayohusu ujuzi, lakini yale ya mikataba ayalinganishe kwanza na sheria za huko.

## Misingi

Kwa nini karibu kila mkataba katika mashirika haya una tarehe ya mwisho?

Kwa sababu mshahara wako unatoka kwenye kifungu cha bajeti ya mradi, na mradi wenyewe una mkataba na mfadhili wenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Shirika lenye miradi kadhaa linaweza kukulipa sehemu ya mshahara kutoka mradi mmoja na sehemu nyingine kutoka mradi wa pili. Ndiyo maana unatakiwa kujaza kila mwezi jedwali linaloonyesha saa ulizofanyia kila mradi, na mkaguzi wa hesabu huliomba jedwali hilo mapema kabisa.

Mtumishi wa umma hupanda cheo kwa kufuata muundo wa utumishi wa kada yake, na akitimiza masharti ana haki ya kuuliza kwa nini hajapandishwa. Kwako wewe ngazi ya namna hiyo mara nyingi haipo. Unaweza kuwa afisa mradi hodari kwa miaka minne bila kupanda, kwa kuwa bajeti iliyopitishwa mwanzoni ilikuwa na mratibu mmoja tu na mratibu huyo bado yupo. Vyeo hupatikana zaidi mradi mpya unapoanza, au mtu anapohamia shirika jingine. Kijana anayeelewa hivyo huacha kuuliza atapandishwa lini, na badala yake huuliza mradi huu utamwachia ujuzi gani na ushahidi gani wa kazi aliyoifanya.

Ngazi za kazi zikoje?

Upande wa programu huanzia kwa mtarajali au mfanyakazi wa kujitolea, kisha afisa mradi msaidizi, afisa mradi, mratibu, meneja, hadi mkuu wa programu na mkurugenzi. Upande wa uendeshaji una fedha, ununuzi, usafirishaji, rasilimali watu na utawala. Kati ya pande hizo mbili ipo kada ya ufuatiliaji na tathmini, ambayo hutumikia pande zote.

Vijana wengi hukimbilia programu kwa sababu ndiko kwenye safari za vijijini na picha za kupendeza. Kwa maoni yangu upande wa uendeshaji unapuuzwa isivyostahili. Kila mradi, uwe wa maji, elimu au UKIMWI, unahitaji mhasibu na mtu wa ununuzi, na fani hizo zina bodi za kitaaluma zinazotambulika nje ya sekta hii pia, yaani NBAA kwa wahasibu na PSPTB kwa wataalamu wa ununuzi na ugavi.

Shahada yangu haihusiani na maendeleo ya jamii. Je, ni kikwazo?

Si kikwazo kikubwa. Miradi ya kilimo inahitaji wataalamu wa kilimo, ya afya inahitaji wauguzi na wafamasia, na ya utetezi inahitaji wanasheria. Atakayehitaji kujieleza zaidi ni mwenye shahada ya jumla asiye na ujuzi mahususi wa kuonyesha. Kwake, jibu lipo kwenye swali la ujuzi wa kuanza nao hapa chini.

## Kuingia kazini

Nijitolee kwa muda gani kabla ya kudai kulipwa?

Kujitolea kwa miezi mitatu hadi sita, ukiwa na kazi zilizoandikwa, msimamizi anayejulikana na angalau nauli na chakula, ni njia ya haki ya kuingia. Serikali nayo inao mpango wa utarajali unaoratibiwa na chombo chake cha huduma za ajira, TaESA, na mtarajali anayepitia huko huwa na makubaliano yanayoeleweka kuliko yule aliyeingia kwa kufahamiana na mtu.

Ukizidi mwaka mmoja ukifanya kazi zilezile za afisa aliyeajiriwa, ukisaini kuingia na kutoka, na ukiagizwa na msimamizi yuleyule, hapo hakuna tena kujitolea. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inaweka dhana kwamba mtu anayefanya kazi chini ya usimamizi wa mwingine, kwa saa anazopangiwa na kama sehemu ya taasisi, ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama karatasi aliyosaini inamwita kwa jina jingine. Sikushauri kukimbilia mashtaka. Nakushauri uende kwa msimamizi ukiwa na orodha ya kazi ulizozifanya, umwombe akuingize kwenye bajeti ya andiko lijalo la kuomba fedha kwa mfadhili, na ikishindikana uombe barua ya utambulisho wa kazi uondoke kwa heshima. Wapo waliosubiri miaka mitatu kwa ahadi ya mdomo, na mradi ulipokuja nafasi zikatangazwa upya kwa watu wa nje.

Nianzie shirika la ndani au la kimataifa?

Shirika la kimataifa hulipa vizuri zaidi, lina taratibu zilizoandikwa, na jina lake husaidia kwenye wasifu. Udhaifu wake ni kwamba kijana hupewa kipande kidogo cha kazi: anaweza kumaliza miaka miwili akikusanya fomu bila kujua bajeti inaandaliwaje. Katika shirika dogo la wilayani, afisa huyohuyo huandika andiko, huendesha mafunzo, hurejesha masurufu (fedha za kazi anazochukua mapema na kuzitolea hesabu baadaye), huandika ripoti ya robo mwaka na humpokea mfadhili anapokuja kutembelea. Mshahara ni mdogo na pengine huchelewa, lakini anajifunza mzunguko mzima wa mradi. Mpangilio ninaoupenda ni kuanzia shirika dogo lenye mkurugenzi anayefundisha, kisha kuhamia kubwa ukiwa na kitu cha kuonyesha. Mkurugenzi asiyefundisha anaondoa faida yote hiyo.

## Ujuzi na masomo

Nianze na ujuzi gani?

Anza na ule ambao mfadhili hawezi kutoa fedha bila kuuona: kuandika kwa usahihi, kusoma bajeti, na kushughulikia takwimu. Huhitaji kubobea katika vyote vitatu, lakini usiwe mgeni kabisa katika hata kimoja.

Kuandika hapa maana yake ni kuandika ripoti ambayo mtu aliye Stockholm au Brussels ataielewa bila kukupigia simu. Ripoti nyingi zinaorodhesha shughuli: mafunzo yalifanyika, vijana kadhaa walihudhuria, picha zimeambatishwa. Mfadhili anataka kujua kilichobadilika baada ya mafunzo na umejuaje. Afisa anayeweza kutenganisha shughuli, zao la shughuli na matokeo, kisha akayaandika kwa Kiingereza safi kwa ajili ya mfadhili na kwa Kiswahili safi kwa ajili ya halmashauri, hatakaa muda mrefu katika ngazi ya msaidizi. Kiswahili hicho nakisisitiza kwa makusudi, kwa kuwa maafisa wengi huenda kwenye kikao cha kata na maneno ya semina ambayo mwenyekiti wa kijiji hayaelewi, kisha wakaandika kwamba jamii haina mwamko.

Kusoma bajeti ni kujua kila kifungu kinagharamia nini, umetumia kiasi gani hadi leo, na ni mabadiliko gani yanahitaji kibali cha mfadhili. Muombe mhasibu akuonyeshe taarifa ya matumizi ya mradi wako kila mwezi. Wahasibu wengi hufurahi kuulizwa, kwa kuwa kwa kawaida maafisa wa programu huwafuata siku ya kutaka masurufu tu.

Katika takwimu, anza na programu ya majedwali uliyonayo tayari kwenye kompyuta na uijue kwa kina. Kisha jifunze kutengeneza dodoso la simu kwa KoboToolbox au ODK, ambazo unaweza kuanza kuzitumia bila kulipa. Ukiwa kwenye miradi ya afya, jifunze DHIS2, mfumo uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo ambao Wizara ya Afya nchini huutumia kukusanya taarifa za vituo. Baada ya hapo ndipo ufikirie programu za uchambuzi wa takwimu kama Stata, R au Power BI, kulingana na matangazo ya kazi unazozitamani yanavyosema.

Kozi za mtandaoni na vyeti vifupi vina thamani?

Vina thamani pale cheti kinapoambatana na kazi uliyoifanya. DisasterReady na Kaya hutoa kozi za bure kwa wafanyakazi wa misaada, na PM4NGOs inaandaa cheti cha usimamizi wa miradi ya maendeleo kinachotambulika kimataifa. Kwa mafunzo ya ana kwa ana, kituo cha MS TCDC kilichopo Usa River, Arusha, kimefundisha watu wa sekta hii kwa miongo mingi, na vipo vyuo vya serikali kama Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma. Vyeti ishirini vya saa mbilimbili vilivyopangwa kwenye wasifu havimshawishi mtu anayeajiri. Chagua viwili vinavyoendana na kazi unayoifanya sasa.

Kabla hujatoa fedha zako, uliza kama mradi una kifungu cha kujenga uwezo wa wafanyakazi. Mara nyingi kipo, na mara nyingi hurudi kwa mfadhili bila kutumika kwa sababu hakuna aliyeomba.

Shahada ya uzamili niisome lini?

Baada ya miaka miwili au mitatu ya kazi, kwa sababu mbili. Kwanza, utakuwa umejua unachotaka kubobea. Pili, ufadhili mzuri wa masomo unadai uzoefu. Chevening ya Uingereza hutaka angalau miaka miwili ya kazi, inayohesabiwa kuwa saa 2,800, na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa miaka miwili. Programu za masomo ya maendeleo za DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, nazo hutaka miaka miwili baada ya shahada ya kwanza. Saa za kujitolea huhesabiwa kwa Chevening, hivyo tunza barua zote.

Ukisoma kwa gharama zako nchini, kwa mfano masomo ya jioni Mzumbe au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chagua tasnifu itakayotumia takwimu za eneo unalofanyia kazi, kwa idhini ya shirika. Utapata shahada na andiko la kitaalamu la kuonyesha kwa wakati mmoja.

## Mkataba na malipo

Nisome nini kabla ya kusaini?

Soma kwanza kama unasaini mkataba wa ajira au wa ushauri elekezi. Mashirika kadhaa huwapa vijana mkataba wa ushauri elekezi kwa kazi za kila siku, ambapo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 na hakuna mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hakuna likizo wala fidia. Fedha unayopokea mwisho wa mwezi huonekana nono kwa sababu hiyohiyo. Ukikubali, kubali ukijua, na dai kiwango kinachofidia vitu hivyo.

Kwa mkataba wa ajira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inakupa siku 28 za likizo ya mwaka na saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Kama ulikopeshwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa. Kwa hiyo mtu anapokutajia mshahara, uliza kama anataja mshahara ghafi au kiasi kitakachobaki mkononi, maana tofauti ni kubwa.

Nitajuaje kama michango yangu inapelekwa NSSF?

Usitegemee hati ya mshahara pekee, kwa kuwa inaonyesha kilichokatwa, haionyeshi kilichowasilishwa. Omba taarifa ya michango NSSF kwenyewe, angalau mara mbili kwa mwaka. Ukikuta pengo, lipeleke kwa maandishi kwa mhasibu kabla mradi haujafungwa, kwa sababu baada ya hapo hata mwajiri mwenye nia njema huwa hana fungu la kulipia deni la nyuma.

Mradi ukiisha nina haki gani?

Swali hili lina majibu mawili, na watu huyachanganya. Mkataba ukifika tarehe yake ya mwisho, umekwisha kwa muda wake. Unastahili mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuitumia na cheti cha utumishi, ila kiinua mgongo cha kisheria hakipo, isipokuwa mkataba au sera ya shirika inakipa. Mkataba ukikatishwa kabla ya tarehe hiyo kwa sababu fedha zimekatika, huko ni kupunguzwa kazi. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa, kushauriana na wafanyakazi kuhusu sababu na vigezo, na kulipa notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Pia atalipa mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, kwa aliyetimiza miezi 12 kazini.

Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hawezi kulalamikia uachishwaji usio wa haki. Aliyezidi hapo, na anaona ameonewa, ana siku 30 za kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Vijana wengi hupoteza haki hii wakisubiri kikao cha bodi walichoahidiwa.

Nawezaje kuomba nyongeza wakati bajeti imeshapitishwa?

Katikati ya mwaka wa mradi ni vigumu, na msimamizi anayekuambia hivyo kwa kawaida hakudanganyi. Wakati wa kuomba ni pale bajeti ya mwaka ujao au andiko jipya linapoandaliwa. Peleka ombi kwa maandishi, likitaja majukumu yaliyoongezeka tangu uajiriwe. Kama mshahara hausogei kabisa, omba vitu vingine vyenye thamani, kama vile ada ya kozi, cheo kinacholingana na kazi, au siku za masomo.

## Hali zenye utata

Mwanzilishi ndiye mkurugenzi na hakuna kinachosogea. Nifanyeje?

Mashirika mengi ya ndani yalianzishwa na mtu mmoja aliyejitoa kwa miaka, akatumia hata nyumba yake kama ofisi. Heshima hiyo anastahili. Hata hivyo, kama bodi haikutani, maamuzi yote yanapita mezani kwake na kila afisa anayeng'aa huondoka, usitarajie kwamba wewe ndiye utakayekuwa tofauti. Jiwekee muda, chukua ujuzi uliopo, kisha uhame bila kugombana, kwa kuwa mwajiri wako ajaye atampigia simu huyohuyo.

Nimeagizwa nisainishe posho kwa watu ambao hawakuhudhuria. Nikikataa nitafukuzwa?

Inawezekana utasumbuliwa. Ukisaini, hata hivyo, saini ni yako na mkaguzi atakufuata wewe. Wakaguzi wa wafadhili huchukua orodha ya mahudhurio na kuwapigia simu waliotajwa, na hulinganisha sahihi za siku mbalimbali. Mwenye jina lililoingia kwenye ripoti ya ubadhirifu hupata shida ya kuajiriwa katika sekta nzima, maana wadhamini huulizwa.

Jibu kwa maandishi na kwa adabu: eleza idadi halisi ya waliohudhuria, na pendekeza kiasi kilichobaki kirejeshwe au kiombewe mabadiliko ya bajeti. Mara nyingi agizo la namna hiyo linatokana na hofu ya kurudisha fedha, wala si wizi, na mfadhili akiombwa mapema huruhusu zitumike kwa shughuli nyingine. Kama ni wizi, wafadhili wakubwa wana njia za siri za kupokea taarifa, na kwa kawaida huzitaja kwenye mkataba wao na shirika. Utaratibu huohuo hutumika kwa unyanyasaji wa kingono dhidi ya wafanyakazi au walengwa, ila hapo usianze kwa msimamizi kama yeye ndiye mtuhumiwa. Nenda moja kwa moja kwa mwenye dhamana ya ulinzi wa walengwa, bodi au polisi.

Baada ya misaada ya Marekani kukatwa, sekta hii bado ina maisha?

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump aliamuru misaada ya maendeleo ya nje isitishwe kwa siku 90 ili ikaguliwe. Kufikia Julai 1 mwaka huo USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imeacha kuendesha misaada, na programu zilizosalia zikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato lake la taifa ifikapo 2027. Huduma za UKIMWI nchini, zilizojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, zilitikiswa, na maelfu ya wenye mikataba halali walijikuta nyumbani.

Kwa hiyo sekta ipo, lakini imepungua na ushindani umeongezeka: nafasi ya afisa sasa inaombwa na watu waliokuwa mameneja. Tahadhari inayofaa ni kutojenga maisha yote ya kazi kwa mfadhili mmoja. Aliyejua taratibu za mfadhili mmoja peke yake alianza upya, wakati mhasibu, mchambuzi wa takwimu au mtaalamu wa lishe aliweza kubisha hodi halmashauri, hospitali au kampuni binafsi. Kama umepunguzwa kazi, rudi kwenye jibu linalohusu haki mradi unapokwisha, na uulize NSSF kama unatimiza masharti ya fao la upotevu wa ajira.

Je, nianzishe shirika langu?

Mara nyingi swali hili huulizwa na mtu aliyekosa kazi, na hiyo ndiyo sababu dhaifu kuliko zote. Usajili uko chini ya Msajili kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, iliyofanyiwa marekebisho 2019. Baada ya usajili kuna ada na ripoti za kila mwaka, ukaguzi wa hesabu, na kanuni za 2018 zinazotaka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ziwekwe wazi kwa umma. Shirika lisilo na historia ya hesabu zilizokaguliwa halipewi ruzuku kubwa, hivyo jiandae kwa miaka kadhaa bila mshahara. Ukiwa na wazo zuri, fikiria kwanza kulipeleka ndani ya shirika lililopo.

Nikihamia serikalini au kampuni binafsi, naweza kurudi?

Unaweza, na wanaorudi hupokelewa vizuri, hasa waliokaa halmashauri na kujua mipango ya wilaya inavyopita kwenye vikao. Kikomo cha umri wa kuingia utumishi wa umma kwa nafasi nyingi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira ni miaka 45, kwa hiyo uamuzi huo haukuharakishi ukiwa na miaka 27. Uhamapo, hakikisha namba yako ya NSSF na kumbukumbu zake ziko sawa, kwa kuwa watumishi wa umma huchangia mfuko mwingine, PSSSF, na vipindi hivyo viwili vitahitaji kuunganishwa siku ya kudai pensheni.